Adui wa Mlango wa Pili

Ukitaka kujua mtaa wetu wa Pipeline, Nairobi, una maadui wangapi, kaa macho usiku wa Ijumaa. Saa tatu spika zinajaribiwa, saa nne nyimbo zinaanza, na kufikia saa saba usiku makanisa ya orofa za chini, pamoja na yale ya mabati yaliyobanwa kati ya ploti na ploti, yamemaliza shukrani na kuingia vitani. Adui anaamriwa aanguke. Anaamriwa aungue. Mishale aliyoituma inarudishwa kwake, na kila mkono uliofukia kitu kwenye njia yako unakauka hapo hapo, kwa jina la Yesu. Mtu aliyenyimwa usingizi, ambaye hana la kufanya ila kusikiliza, hatimaye anatambua kwamba adui huyu ana anwani. Ni mtu anayejua umenunua godoro jipya. Anajua saa unayotoka na saa unayorudi, anajua mtoto wako alikuwa nambari ngapi darasani, na harufu ya nyama iliyokaangwa kwako juzi ilimfikia. Kwa ufupi, adui ni jirani.

Sina ugomvi na kesha. Kelele tumeshazizoea, ijapokuwa tangu 2009 nchi ina kanuni za kuzuia kelele ambazo ukizitaja huku utachekwa. Na wanaokesha si wajinga wala si wanafiki. Mtu aliyesimama mchana kutwa kwenye mashine za Industrial Area, kisha akaja kusimama tena kanisani mpaka alfajiri, ana sababu yake. Anapingwa kweli. Ninachojiuliza ni anapingwa na nani, na ule ulinzi anaouomba kwa machozi humjia kwa mlango upi.

Mtaa huu ulipata jina kutokana na bomba la mafuta ya Mombasa, lililoanza kusukuma mafuta hadi Nairobi mwaka 1978. Waliokuja kujenga baadaye walijenga kama watu walioapa kutopoteza hata shubiri moja ya ardhi. Orofa saba, nane, na zaidi. Chumba futi kumi kwa kumi. Korido ndefu yenye milango pande zote mbili, choo na bafu mwishoni, kamba za nguo kila mahali, na kati ya jengo na jengo upenyo ambao jua huuchungulia saa sita mchana likiwa safarini. Wapangaji wengi ni watu wa kuja, kutoka Kakamega, Siaya, Kisii, Makueni, na kila mmoja ana ushago unaosubiri habari njema. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt alichapisha mwaka 2024 kitabu kizima juu ya shinikizo wanalobeba wanaume wahamiaji wa Pipeline, wale waliotumwa mjini wafanikiwe na mji ukawageuzia kisogo. Mtu wa namna hiyo akikwama hakosi kujiuliza ni nani anayemshikilia. Na hapa ndipo mpango wenyewe wa majengo unapoingia katika maombi.

Anayemshikilia haonekani. Landilodi wengi hawajulikani hata kwa sura. Kodi hutumwa kwa simu. Aliyeamua mtaa wa watu wote hawa upate maji siku mbili kwa wiki hana uso. Aliyetia sahihi kibali cha orofa ya nane juu ya msingi wa orofa nne, kama kibali kilikuwepo, hapandi ngazi zetu. Maji yakikatika hakuna anayemjua aliyeyakata, lakini korido nzima inamjua aliyechota mitungi sita wakati wengine hawajapata hata mmoja. Ukuta ni wa tofali moja. Unasikia kikohozi chake, redio yake, ugomvi wake na mumewe. Katika watu wote wanaoweza kuwa wamekukosea, yeye ndiye pekee unayeweza kumnyooshea kidole bila kupanda matatu. Basi ndiye anayeombewa moto.

Nitasimulia jambo nililoliona. Katika korido yetu kulikuwa na wanawake wawili wasiosalimiana. Chanzo kilikuwa maji ya kudekia yaliyotiririka hadi mlangoni mwa mwenzake, kisha maneno, kisha maneno juu ya maneno, mpaka mmoja akafunga kula ili Mungu amwondolee mwenziwe njiani. Sikuupata umbea huo kwa mtu. Aliutangaza mwenyewe, kwa sauti, akianika nguo. Mwezi uliofuata mshahara wake ukachelewa kiwandani. Tarehe kumi ikapita. Jioni moja akarudi akakuta kufuli geni juu ya lake, kubwa, jipya, lenye kung'aa, na watoto wake wameketi chini na sare za shule, mabegi mapajani. Msimamizi wa ploti alikuwa amezima simu. Mama wa watu akasimama pale na mfuko wa sukumawiki mkononi, asilie, asiseme kitu. Mlango wa pili ukafunguliwa.

"Dada, leta watoto walale," jirani akasema. "Hayo ya maji tutaongea siku nyingine."

Watoto walilala huko mpaka kodi ilipopatikana. Sijui kama yale ya maji yaliwahi kuongewa. Nijualo ni kwamba ule mfungo ulijibiwa. Aliomba ulinzi dhidi ya wanaomwinda, na siku mwindaji alipokuja na kufuli lake, ulinzi ulikuwepo tayari, hatua tatu kutoka mlangoni, kwa mtu yule yule aliyetajwa kwenye maombi kwa ubaya.

Milango mingi ya Pipeline imebandikwa Zaburi ya 91, na matatu zinazoshuka Outering nazo zimeiandika kwenye vioo. Ni zaburi ya watu walio hatarini: mitego, tauni, mishale ya mchana, hofu za usiku. Sishangai inapendwa. Lakini kuna mambo mawili kuihusu ambayo sijawahi kuyasikia kwenye kipaza sauti. La kwanza ni kwamba katika Injili za Mathayo na Luka anayeinukuu ni Ibilisi. Anampeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwonyesha chini, na kumkumbusha kwamba imeandikwa malaika watampokea, basi aruke. Yesu anakataa. Hasemi zaburi ni ya uongo. Anakataa kuitumia kama cheti cha kumlazimisha Mungu. Kwa mtu anayeishi orofa ya saba, ambako ukingo wa roshani unamfika kiunoni, hadithi hiyo haihitaji kufafanuliwa.

La pili linanisumbua zaidi. Katikati ya zaburi hiyo hiyo kuna habari za watu maelfu wanaoanguka kando ya mwenye kumtegemea Mungu, ubavuni na mkono wake wa kuume, yeye asiguswe. Tunaupita mstari huo mbio tukikimbilia ahadi. Mimi hukwama hapo. Hao wanaoanguka ni akina nani? Anayebaki amesimama anawafanyia nini? Ukiisoma zaburi hii mahali penye nafasi, labda maelfu hao ni jeshi la mbali, vumbi tu. Ukiisoma Pipeline, wana majina na unawadai sukari.

Usiku wa Juni 12, 2017 jengo la orofa saba liliporomoka hapa Kware. Wapangaji wengi walikuwa wameshaambiwa watoke, kwa sababu nyufa zilionekana mapema. Bado wapo waliofukiwa. Nyufa hizo hazikufunuliwa katika ndoto. Ziliangaliwa kwa macho, zikasemwa, milango ikagongwa, watu wakabeba watoto na vitambulisho wakashuka. Wengine walitoka wakinung'unika. Naamini Mungu aliwalinda walioshuka, na sioni njia aliyotumia isipokuwa hiyo ya macho, midomo na ngumi za milango.

Kisha ikaja Julai 2024. Nchi ilikuwa bado inahesabu vijana wake waliopigwa risasi kwenye maandamano ya Juni 25 dhidi ya Mswada wa Fedha. Julai 12, katika timbo la zamani la mawe lililogeuzwa jaa la taka huko Kware, upande wa Mukuru kwa Njenga, magunia ya nailoni yakaonekana yakielea. Ndani mlikuwa na miili ya wanawake, imekatwakatwa. Kituo cha polisi cha Kware kilikuwa mita zisizofika mia moja kutoka hapo. Mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, ndiyo iliyosema hivyo. Walioingia katika maji yale meusi kuyavuta magunia walikuwa vijana wa mtaa, wengi mikono mitupu. Umati uliokuja kudai majibu ulitawanywa kwa vitoza machozi. Mshukiwa alikamatwa siku tatu baadaye, na Agosti 20 akatoroka seli za kituo cha Gigiri, upande mwingine kabisa wa jiji, kunakoishi mabalozi.

Kwa majuma kadhaa baada ya hapo wanawake wa huku hawakutembea peke yao gizani. Hakuna aliyetoa amri. Ilitokea tu kwamba wale wanaotoka alfajiri kwenda viwandani walianza kungojana langoni, na yule ambaye mwezi uliotangulia alikuwa mchawi sasa akawa mtu unayempigia simu: umeamka? nimeshashuka, nakungoja. Makanisani tuliombea familia za marehemu, na hilo lilikuwa jema. Ila adui wa kwenye vipaza sauti hakubadilika. Alibaki yule yule wa godoro na nyama. Magunia yalipatikana karibu na kituo cha polisi, mtuhumiwa akaponyoka mikononi mwa dola, nasi Ijumaa iliyofuata tukaendelea kumfunga kwa maombi jirani yetu, mama wa chumba cha kumi na nne.

Hapo ndipo ninapomkumbuka David Gitari. Alikuwa askofu wa Kianglikana upande wa Mlima Kenya, na katika miaka ya themanini alikuwa na tabia mbaya, kwa mtazamo wa serikali, ya kuhubiri Biblia kama ilivyoandikwa. Mwaka 1987 alihubiri habari za Danieli na wakubwa wakaona wamesemwa. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo watu walipangwa nyuma ya wagombea na mahali pengine mstari mfupi ukatangazwa mshindi, aliukemea waziwazi. Usiku mmoja wa Aprili 1989 genge kubwa lilivamia nyumba yake Kirinyaga, likaanza kuvunja milango na madirisha. Askofu alipanda juu ya paa akapiga mayowe kuwaita majirani. Majirani wakaja. Genge likatoweka.

Sijui askofu aliomba nini kule juu. Bila shaka aliomba. Lakini angalia alivyofanya. Mtu wa Mungu, juu ya paa, usiku, adui chini: ni mahali pale pale Ibilisi alipompandisha Yesu. Hakujirusha. Hakukaa kimya akingoja moto ushuke uwateketeze wale watu. Aliwaita walioko karibu. Na ili mayowe yako yaamshe wanakijiji saa nane za usiku, sharti uwe umeishi nao kwa namna fulani kabla ya usiku huo. Hakuna anayevaa viatu kwa ajili ya mtu aliyemwombea afe. Gitari aliishi, akawa Askofu Mkuu wa Kenya, akastaafu 2002, akafa 2013.

Najua utakaloniuliza. Na waliopiga mayowe wasisikilizwe? Askofu Alexander Muge wa Eldoret, ambaye kabla ya upadri alikuwa askari wa kikosi cha polisi cha GSU, aliambiwa hadharani na waziri wa serikali kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Alikanyaga Busia, Agosti 14, 1990, na akirudi nyumbani siku hiyo hiyo gari lake likagongana na lori, akafa. Waziri akajiuzulu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alishiriki kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na Februari 16, 1977 akauawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Na ukitaka mfano mchungu kuliko hiyo, ndio huu: Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Waliochoma walikuwa watu wa maeneo yale yale. Kwa hiyo jirani si malaika, na paa la kanisa si ngao. Mahubiri yoyote juu ya ulinzi wa Mungu ambayo mjane wa Kiambaa hawezi kuyasikiliza mpaka mwisho hayafai kuhubiriwa Pipeline pia.

Ndiyo maana kati ya wote waliookolewa katika Biblia nawapenda zaidi wale vijana watatu wa tanuri la Babeli. Si kwa sababu hawakuungua. Ni kwa sababu, kabla hawajajua kama wataungua, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawatainama. Katika "hata asipowaokoa" ndimo nionamo tegemeo lote lilivyo. Muge alikuwa nalo alipopanda gari kwenda Busia. Mtu mwenye neno hilo moyoni huwezi kumnunua wala kumtisha, na vilevile hana haja ya kumtafuta mchawi kila anapopata pigo, kwa kuwa hakuahidiwa kwamba hatapigwa.

Lakini aliyenifundisha mengi zaidi kuhusu ile zaburi hakuwa Mkristo. Novemba 22, 2014, karibu na Mandera, magaidi wa al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likija Nairobi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua watu 28. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, wakalisimamisha basi lingine karibu na El Wak, safari hii likitoka Nairobi kwenda Mandera. Amri ikawa ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa kutengana. Wanawake walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Waliwaambia wale wenye bunduki kwamba kama ni kuua, waue wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule Mandera, alikuwa miongoni mwa waliopigwa risasi. Alifariki Januari 2016 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Itafakari hali ile jinsi ilivyokuwa. Ulinzi ulikuwa umewashukia watu wale tayari. Walichohitaji ni kupiga hatua chache upande mmoja, na maelfu ya zaburi wangeanguka kando yao, wao wasiguswe. Mtu yeyote wa kesha zetu angeita huo muujiza na kuja kuutolea ushuhuda na sadaka. Wao waliurudisha. Waliona kwamba usalama unaokutaka umwachilie jirani si ule wanaouomba kila sala. Sijapata kusikia tafsiri nzuri zaidi ya mstari unaonikwamisha: anayebaki amesimama humpa anayeanguka mtandio.

Waislamu wa mtaani kwetu hupenda kumtaja bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga, amtegemee Mungu, akaambiwa amfunge kwanza. Kwenye Biblia ya Wakristo Nehemia ana jambo kama hilo: Sanbalati na wenzake walipotishia kuwashambulia waliokuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu, watu waliomba, na papo hapo wakaweka walinzi wa mchana na usiku. Hayakuwa mambo mawili ya kuchagua. Wauza mboga wa stejini wanaijua elimu hiyo bila kuisomea. Alfajiri, kabla ya kutandaza magunia, hushikana mikono wakaomba, Mkatoliki na mtu wa Akorino na yule anayefunika kichwa kwa sababu nyingine kabisa. Kisha wa kwanza kwenye kona hupewa filimbi. Lori la kanjo, yaani askari wa jiji, likionekana, filimbi inalia, na kufumba na kufumbua nyanya zimenyakuliwa, pembe nne za gunia zimekutana mgongoni. Mkongwe mmoja amebaki nyuma kwa ajili ya magoti? Gunia lake limeshabebwa na mwingine. Nimewaona wakicheka baadaye kwenye kichochoro, wakihema, wakitenganisha vitunguu vya nani na vya nani. Kama kuna mtu anataka kuona amani ya Mungu katikati ya upinzani, asiitafute mbali na kichochoro kile. Haikuwaondolea kanjo. Kesho watarudi, na hilo linajulikana. Lakini usiku wanalala, maana hakuna kati yao anayeshuku kwamba mwenzake ndiye aliyemwita kanjo.

Hilo la kulala nalitaja kwa makusudi. Kinachoua amani Pipeline kuliko umaskini ni shuku. Umaskini unachosha, shuku inakesha. Mtu ambaye amefundishwa kwa miaka kwamba salamu ya jirani ni mtego, kwamba chapati iliyoletwa kwenye sahani ina kitu, kwamba anayekuuliza "mtoto anaendeleaje?" anampima, huyo hata afunike milango yake kwa zaburi zote mia na hamsini hatatulia. Na wapo watumishi wanaoishi kwa shuku hiyo. Nasema bila kuzunguka: mhubiri anayekuuzia jina la adui aliyeko koridoni mwako amekunyang'anya ngao yako, kisha akakutoza pesa za mafuta ya upako ili uishi bila hiyo ngao. Mpinge.

Nabii Yeremia aliwahi kuandika barua kwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, watu waliolala na mabegi yamefungwa wakidhani watarudi kwao karibuni. Aliwaambia wajenge, wapande bustani, waozeshe watoto, na waombee amani ya mji ule ule uliowateka, kwa kuwa amani yao wenyewe ilikuwa ndani ya amani ya mji huo. Nadhani barua hiyo ilikosewa anwani, ilikuwa yetu. Sisi nasi tumelaza masanduku chini ya vitanda. Tunaomba Mungu atulinde *na* Pipeline mpaka atutoe, tukajenge kwetu. Ni wachache sana wanaomwomba ailinde Pipeline yenyewe: mabomba yake, ngazi zake zisizo na taa, nyufa zake, vijana walioingia lile timbo na ambao hakuna aliyewauliza wanalalaje tangu siku ile. Ombi la namna hiyo halimalizikii kwenye "amina". Linakupeleka kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, kwa msimamizi wa ploti aliyezima simu, na hao ni wapinzani wa kweli kuliko yule wa chumba cha kumi na nne.

Kwa hiyo ukihamia huku mwezi ujao, na wengi watahamia, maana kodi ya kwingine imepanda, tafuta kanisa au msikiti kwa wakati wako. Kabla ya hapo gonga milango ya korido yako, taja jina lako, wape nambari yako ya simu na uchukue zao. Na wewe unayeishi hapa tayari, yule msiyesalimiana, anza na huyo.